Mikoko Iliyokatwa Kwenye Karatasi

Mzee aliivuta karatasi karibu na uso, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaweka kidole juu ya mstari mwekundu nilioutia mimi.

"Binti yangu, hapa umeandika mikoko imekatwa?"

"Ndiyo, babu."

"Imekatwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa katika ofisi ya kijiji kimoja cha kaskazini mwa delta ya Rufiji, mimi na wajumbe wa kamati ya mazingira, ramani yangu imetandazwa mezani na pembe zake zimegandamizwa kwa vikombe vya chai. Mstari ule ulifuata ukingo wa mkondo mmoja kwa karibu kilomita mbili, na pembeni ya ramani palikuwa na maelezo yake: mikoko iliyokatwa au kudhoofika. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, mali ya serikali. Kijiji kikichorewa mstari wa namna hiyo, mwenyekiti wake ajiandae kuitwa wilayani.

"Haya, twende," mzee akasema, akaanza kutafuta kandambili zake. "Maji yanapwa. Tukichelewa mtumbwi utakwama."

Tulikwenda watu watatu katika mtumbwi mmoja, mimi katikati nimeshika GPS mkononi na ramani nimeikunja kwapani. Tulipofika mahali mstari ulipoanzia, mzee aliacha kupiga kasia, mtumbwi ukaenda wenyewe na maji. Mikoko ilikuwa imesimama. Mizizi yake iliyopinda ilikuwa imeshikwa na tope na konokono, majani yake mabichi yanang'aa kwa jua la asubuhi, na miche yake mirefu inaning'inia juu ya maji ikisubiri kudondoka. Nyuma yake palikuwa na mikandaa, na nyuma zaidi mkomafi mmoja na matunda yake makubwa ya mviringo. Tuliufuata mkondo mpaka mwisho wa mstari wangu. Hatukukuta kisiki kipya hata kimoja.

"Umeona?" mzee akasema tulipogeuza. Hakuongeza neno mpaka tunafika.

Laiti ningeichora ramani ile kwa picha yenye ukungu, ningekuwa na pa kujitetea. Lakini picha yangu ilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilikuwa nimechukua picha mbili za satelaiti, moja yenye rangi nyingi na nyingine yenye ukali, nikaziunganisha ziwe moja. Katika kule kuziunganisha ndiko mikoko ya watu ilikokatwa. Ilinichukua majuma matatu kujua imekatwaje, na nayaandika haya kwa sababu picha za namna hiyo sasa zimejaa kwenye simu, kwenye ripoti na kwenye kesi za mipaka, na watu wengi wanaozitazama hawajui kwamba wanatazama picha mbili.

Fungua ramani ya angani kwenye simu yako, utafute nyumba yenu. Utaona mabati, utaona mwembe uani, pengine na gari la jirani. Utadhani kamera moja ilipiga mara moja, kama unavyopiga picha harusini. Mara nyingi sivyo. Chombo kilichoko juu kilipiga picha moja isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe, iliyo kali sana. Na papo hapo kikapiga nyingine zenye rangi, lakini hizo zina mabaka makubwa, kila baka limemeza uani wote. Unachokiona wewe ni ndoa ya hizo mbili.

Kwa nini chombo cha mamilioni ya dola kisipige tu picha moja yenye vyote? Nilipoanza kazi hii nilidhani ni ubahili. Kumbe ni mwanga wenyewe. Fikiria mwanga unaorudi kutoka ardhini kama mvua ya rasharasha, na satelaiti kama mtu anayekinga maji huku anakimbia. Satelaiti ya Marekani ya Landsat huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 705, na huenda zaidi ya kilomita saba kwa kila sekunde. Haina muda wa kusimama juu ya shamba lako. Ukikinga rasharasha kwa kikombe kidogo, kwa kufumba na kufumbua, utapata matone machache tu. Ukisema tena kwamba katika matone hayo unataka yale mekundu peke yake, kikombe kitabaki karibu kikavu. Basi ukitaka rangi moja iliyochujwa vizuri, inakubidi uweke beseni, yaani ukusanye mwanga wa eneo kubwa la ardhi kwa pamoja. Ukitaka vikombe vidogo vidogo vinavyoonyesha kila kitu kilipo, acha kuchagua rangi, upokee mwanga wote unaokuja.

Ndiyo maana satelaiti nyingi hubeba vyote viwili, vikombe na mabeseni. Satelaiti ya Ufaransa, SPOT 1, iliyorushwa mwaka 1986, ilikuwa na picha isiyo na rangi ya mita 10 na ya rangi ya mita 20. IKONOS ya Marekani, mwaka 1999, ilikuja na mita moja kwa nne. Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013 na ambayo picha zake ndizo nilizotumia siku ile, ina mita 15 kwa 30. Hizo mita ni ubavu wa pikseli moja, yaani kipande kidogo kuliko vyote ambacho picha inaweza kukionyesha peke yake.

Kwa mkulima wa Rufiji hesabu hiyo ina maana yake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Pikseli ya mita 30 inafunika mita za mraba 900, kwa hiyo ekari nzima ya mpunga inakaa katika pikseli nne na nusu. Na katika hizo nne na nusu karibu zote zinagusa mpaka: nusu mpunga, nusu mikoko, au nusu tope. Ukishuka mpaka mita 15, ekari ile ile inapata pikseli 18. Sasa unaona jaruba, unaona mpaka. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulio mahali pamoja Afrika Mashariki, na ndani yake watu wanalima mpunga tangu enzi na enzi. Anayetaka kujua shamba limesogea hatua ngapi ndani ya mikoko anaitamani hiyo mita 15 kama mgonjwa anavyotamani maji.

Mama yangu aliuza kanga Ikwiriri, na mimi nilikuwa mtoto wa kukunjua robota. Doti mpya ikifika, kabla hajasoma jina, mama aliitandaza mkekani akatazama pindo. Kanga hupigwa chapa rangi kwa rangi: mistari myeusi ina chapa yake, nyekundu ina yake, njano ina yake. Chapa moja ikisogea kidogo tu, nyekundu ya korosho inatoka nje ya mstari wake mweusi, na upande wa pili inabaki nafasi nyeupe kama kucha iliyong'oka. Mama alizitenga hizo na kuziuza kwa bei ya kutupa. Kila ninapounganisha picha za satelaiti namkumbuka, kwa sababu kazi ni ile ile. Picha kali inatoa mistari, picha ya mabaka inatoa rangi, na lazima zilale moja juu ya nyingine bila kusogea hata nusu pikseli.

Lakini kuzilaza sawasawa ni mwanzo tu. Kwenye kanga, fundi anajua mstari ni mstari na rangi ni rangi. Kwenye picha ya satelaiti, ile nyeusi na nyeupe nayo ni rangi. Ni jumla ya rangi kadhaa zilizomiminwa pamoja, na kila kitu kinategemea ni zipi.

Hapo ndipo nilipoteleza.

Njia za kuunganisha ni nyingi, na watu wanaendelea kubuni nyingine kila mwaka, lakini zina koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza hutenganisha ung'avu na rangi katika ile picha ya mabaka, hutupa ung'avu wake mbovu, na mahali pake huweka ung'avu wa picha kali. Ukoo wa pili hauchukui picha kali yote. Huchuja kingo zake tu, mahali mwanga unapobadilika ghafla, na kuziongeza juu ya kila rangi. Kuna pia njia ya Brovey, ambayo programu nyingi za bure hutumia mjukuu wake: kila rangi huzidishwa kwa namba moja inayotokana na picha kali. Ni rahisi, haichoshi kompyuta, na picha yake hupendeza sana kwa macho.

Nisimame kidogo kwenye hiyo Brovey, maana nimeona ripoti zilizopotea hapo. Watu wa misitu hupima afya ya mimea kwa kulinganisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, kipimo kinachoitwa NDVI. Ni uwiano. Sasa ukizidisha nyekundu kwa namba fulani na infraredi kwa namba hiyo hiyo, uwiano wake haubadiliki hata chembe. Mtu anatengeneza picha ya mita 15, anakokotoa NDVI ya mita 15, anaichapisha kwa fahari, na ndani yake mna habari ile ile ya mita 30 iliyokatwa vipande vidogo. Hajadanganya mtu kwa makusudi, ila hakuna kipya alichokiona.

Kosa langu mimi lilikuwa la ukoo wa pili, na lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilizaa kitu ambacho hakikuwepo.

Jani bichi lina siri ambayo jicho letu halikupewa kuiona. Linameza mwanga mwekundu na wa bluu kujitengenezea chakula, linarudisha kijani kidogo, lakini mwanga wa infraredi ulio jirani na nyekundu linaurudisha kwa wingi sana. Kwa jicho la binadamu msitu wa mikoko ni kitu cheusi-kijani, kizito. Kwa jicho la infraredi msitu huo huo unawaka kama bati jipya. Tope la mkondo ni kinyume chake: ukilitazama kwa macho linang'aa kuliko mikoko, lakini katika infraredi, likiwa limelowa, linafifia karibu liwe jeusi.

Sasa, ile picha kali ya Landsat 8 inapokea mwanga wa nanomita 500 hadi 680 tu. Ni kijani na nyekundu. Haina infraredi ndani yake. Landsat 7 iliyoitangulia ilikuwa na picha kali iliyofika mpaka nanomita 900, infraredi imo. Wahandisi waliipunguza kwa sababu nzuri, ili mahali penye mimea na mahali pasipo na mimea patofautiane vizuri zaidi kwa macho. Nami niliusoma uamuzi huo darasani, nikaujibia mtihani, nikausahau.

Angalia basi kilichotokea ukingoni mwa mkondo. Picha kali iliona mikoko ni giza na tope ni mwanga. Programu ikachuja ukingo ule, ikapata somo: upande wa mikoko punguza, upande wa tope ongeza. Kisha nikaiamuru ilitie somo hilo katika kila rangi, pamoja na infraredi. Katika nyekundu na kijani somo lilikuwa sahihi. Katika infraredi lilikuwa kinyume kabisa na ukweli. Mikoko ya ukingoni, ambayo inawaka, ikapunguzwa. Tope, ambalo limefifia, likaongezwa. Na mimi nilikuwa nimeweka kiwango: pikseli yoyote ya mikoko ambayo infraredi yake haifikii ung'avu fulani, ihesabiwe kuwa imekatwa au imedhoofika. Programu ikatii. Safu nzima ya miti ya mbele, yenye afya kuliko yote kwa kuwa mizizi yake iko majini kila siku, ikapakwa rangi nyekundu.

Jicho lisiloiona infraredi lilipewa kazi ya kuichora infraredi. Ndiyo sababu mzee aliulizwa maswali na ramani.

Kulijua hilo ni jambo moja, kulithibitisha ni jambo jingine. Mfaransa Lucien Wald na wenzake walichapisha mwaka 1997 jaribio ambalo mpaka leo sijaona lililo bora zaidi kwa mtu wa kawaida wa kompyuta. Tatizo la picha iliyounganishwa ni kwamba huna ya kuilinganisha nayo: infraredi ya kweli ya mita 15 haipo, ingekuwepo usingehangaika kuiunganisha. Wald akasema, basi shuka ngazi moja. Chukua infraredi ya mita 30 uiharibu makusudi iwe ya mita 60. Chukua picha kali ya mita 15 uifanye ya mita 30. Ziunganishe. Utapata infraredi ya mita 30 ya kutengenezwa, na ile ya kweli ya mita 30 unayo mkononi. Toa moja kwenye nyingine, tazama kinachobaki.

Nilifanya hivyo usiku, umeme umerudi saa tano, watoto wamelala. Kama njia yangu ingekuwa njema, mabaki yangetawanyika ovyo kama pumba sakafuni. Hayakutawanyika. Yalijipanga kama mishipa ya damu, yakaichora delta nzima, mkondo kwa mkondo. Kila ukingo wa mikoko na tope ulikuwa na mstari wake. Kile kijiji hakikuwa peke yake. Kilikuwa cha kwanza tu kupelekewa ramani.

Nikiwa bado naitazama ile picha nilikumbuka jambo la kale la delta hii. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikimbilia ndani ya mikondo ya Rufiji na kujificha, imefunikwa matawi. Waingereza waliitafuta kwa ndege, na Julai 1915 walipoiharibu kwa mizinga, ndege ilikuwa juu ikiwaelekeza makombora yanaanguka wapi. Kwa hiyo mikoko ya Rufiji huenda ni kati ya misitu ya kwanza Afrika kutazamwa kutoka angani kwa shughuli maalumu. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunaitazama kutoka juu tukitafuta kilichofichwa chini yake.

Siku hizi, kwa kazi za karibuni, natumia zaidi Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa Juni 2015. Ina bendi 13, yaani picha za rangi moja moja, na haina ile picha nyeusi na nyeupe kabisa. Nne kati ya bendi zake ni za mita 10, sita za mita 20, na tatu za mita 60. Uzuri wake kwa mikoko ni kwamba katika zile nne za mita 10 infraredi ya jirani imo. Ukitaka kunoa bendi za mita 20, kwa mfano zile tatu zilizo kwenye mpito wa nyekundu kwenda infraredi ambazo hugundua jani linaloanza kuchoka kabla jicho halijaona, unazinoa kwa jiwe la jamii yake. Ile bendi ya infraredi ya mawimbi mafupi, inayosoma maji yaliyomo kwenye majani na kunisaidia kutofautisha mikoko na vichaka vya nchi kavu, bado inanihangaisha, kwa kuwa haina ndugu wa mita 10. Hiyo naiacha kwenye mita zake 20. Nimejifunza kuacha.

Lakini Sentinel-2 haikuwepo kabla ya 2015, na maswali ya watu yanakwenda nyuma zaidi. Baba wa mtu alilima hapa mwaka gani? Mto ulihama lini? Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 Wamarekani walipoamua kuitoa hazina yote bure, mtu wa Kibiti mwenye kifurushi cha intaneti anaweza kuishusha. Kabla ya hapo picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Ukitaka kuunganisha za zamani na za sasa, za satelaiti hii na ile, unakutana na jambo ambalo vitabu vingi nilivyosomea, vilivyoandikwa na watu wa mabara yao makubwa, mbali na pwani, vililigusa kwa mstari mmoja. Nalo ni bahari.

Picha mbili za chombo kimoja hupigwa karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo maji yako mahali pamoja. Picha za vyombo viwili ni za siku mbili tofauti. Satelaiti hizi hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa adabu kabisa, siku zote saa hiyo hiyo. Bahari haina saa hiyo. Maji kujaa kunachelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Mwanamke yeyote wa pwani anayekwenda kuokota chaza anajua kwamba wakati wa bamvua, saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali, tope lote liko wazi. Na wakati wa maji mafu, saa hiyo hiyo, maji yako juu na hayaendi popote. Chukua rangi za siku ya maji mafu na mistari ya siku ya bamvua, uziunganishe: utapata ukingo mkali, mzuri, wa mahali ambapo siku ya zile rangi maji yalikuwa yamepafunika. Hakuna programu itakayokuambia. Mimi naweka jedwali la maji kwenye ukuta, kando ya kompyuta, na picha ambayo sijui hali yake ya maji siiunganishi na nyingine.

Kuna kuunganisha kwa aina nyingine ambako nakutaja kwa ufupi, kwa sababu kunahusu muda kuliko rangi. Kamera ya satelaiti iitwayo MODIS hupita kila siku lakini pikseli yake ndogo kabisa ni ya mita 250. Landsat 8 ni kali lakini hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, na wakati wa masika siku hiyo ya kumi na sita mara nyingi ni ya mawingu. Mwaka 2006 Feng Gao na wenzake wa NASA walitoa njia inayoitwa STARFM, inayotumia zile za kila siku kukisia Landsat ingeonaje siku ambayo haikuwepo. Kwa mpunga unaokua polepole na kukauka polepole, inasaidia sana. Kwa jambo la ghafla haifai. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Kibiti na Rufiji, makisio ya namna hiyo yasingeweza kujua maji yameingia jaruba gani. Hapo chombo cha kukimbilia ni rada, inayopenya mawingu, na kwa rada hakuna rangi ya kuunganisha.

Na sasa zimekuja programu za akili bandia zinazochukua picha ya mita 10 na kukurudishia ya mita moja au mbili, zimejifunza kutoka picha nyingine jinsi paa, barabara na mti vinavyokaa. Nimezijaribu. Matokeo yake yanapendeza mno. Lakini mti ule niliouona ukingoni mwa picha haukupigwa na kamera yoyote; programu imeuweka kwa kuwa mahali pa namna ile huwa na mti. Kwa bango la utalii, sawa. Kwa ramani itakayopelekwa kwa mtu mwenye shamba na mtu mwenye sheria, nakataa, na nimekataa mbele ya wakubwa zangu.

Nilirudi kijijini baada ya wiki nne. Nilibeba ramani mpya, na ile ya zamani niliyokuwa nimeipiga mstari wa kalamu kutoka pembe hadi pembe na kuandika IMEFUTWA. Niliona ni haki waione imefutwa kwa mkono wangu. Katika ramani mpya, picha iliyounganishwa imo, kwa sababu watu huitambua: wanaiona njia ya mtumbwi, wanaona shamba la fulani, wanabishana vizuri wakiwa wameinama wote juu ya meza moja. Lakini vipimo vyote, ekari na hali ya mikoko, nilivichukua kwenye bendi za asili kabla hazijanolewa, na nikaliandika hilo pembeni kwa herufi kubwa.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Akafuata mkondo ule kwa kidole, ukingo wote sasa ni kijani.

"Hii picha ilipigwa lini?"

Nikamwambia tarehe.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu asubuhi, babu."

Akahesabu mwezi kwa vidole, midomo inachezacheza. "Bamvua hiyo. Kupwa. Liandike hilo nalo." Nikaliandika pale pale, kwa kalamu, chini ya tarehe.

Kwako wewe mwenyekiti wa kijiji, diwani, au mjumbe wa baraza la ardhi unayesoma haya: ukiletewa ramani iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti, uliza picha ilipigwa tarehe gani na saa ngapi, na kama uko pwani uliza maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Uliza kama ni picha moja au ni mbili zilizounganishwa, na kama vipimo vilichukuliwa kabla ya kuunganisha au baada. Mwambie aliyeileta mwende naye mahali penyewe. Asipokuwa na majibu, usitie sahihi.